Umebadilisha valvu bodi, sasa gari linalalamikia sensa: anzia hapa

Mafundi wengi wa Mbeya wameshakutana na hali hii. Toyota Noah ilikuwa inapiga teke kila ikiingia gia ya pili, valvu bodi (kipande cha ndani ya giaboksi kinachogawa presha ya oili ya kubadilisha gia) ikaagizwa Kariakoo, ikaja na basi, ikafungwa. Gari linatembea vizuri nusu saa, au halimalizi hata kona ya gereji, mara taa ya injini inawaka, O/D OFF (taa ya gia ya juu iliyozimwa) inapepesa na gia zinagoma kupanda. Skana inataja sensa ya joto la oili ya gia, au sensa ya spidi, au solenoidi (valvu ya umeme) fulani. Mwenye gari anaambiwa alete hela ya sensa.

Asilete kwanza. Sensa iliyokuwa inafanya kazi kabla hujafungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) ni nadra ife yenyewe siku hiyohiyo uliyobadilisha kipande jirani yake. Kilichobadilika ni ulichokigusa: plagi, waya wa ndani, kiwango cha oili, mpangilio wa solenoidi, na kumbukumbu za kompyuta ambazo bado zinaijua valvu bodi ya zamani. Kwa hiyo tunakwenda kwa gharama. Vya bure vinatangulia, kushusha sampo tena kunakuja mwisho. Vipimo nilivyoweka humu ni vya Toyota zenye giaboksi za Aisin, maana ndizo zimejaa barabara zetu. Kwa gari jingine tafuta kitabu chake.

Andika kodi zote kabla hujafuta chochote

Unganisha skana, ingia kwenye kompyuta ya injini, na ya gia pia kama gari lina ya kwake, uandike kila kodi (namba ya kosa) pamoja na zile zinazosubiri, yaani ambazo bado hazijawasha taa. Kama skana inaonyesha hali ya gari pale kodi ilipoingia, piga picha kwa simu: joto la injini, spidi, gia iliyokuwepo. Tuna haraka sana ya kufuta ili taa izime mbele ya mteja, na hapo ushahidi wote unakwenda.

Ukishaandika, zigawe mafungu mawili, kwa sababu hapa ndipo hela nyingi hupotea.

Fungu la kwanza ni kodi za umeme. P0712 na P0713 ni za sensa ya joto la oili, P0717 ni sensa ya spidi ya kuingia (ya shafti inayoingiza mzunguko kwenye giaboksi) haitoi ishara, P0722 ni ya kutoka, P0973 na P0974 ni solenoidi ya kwanza ya gia, P0976 na P0977 ni ya pili, P0748 na P2716 ni za solenoidi za presha. Kodi hizi zinasema kompyuta imeona volti au mkondo usiokubalika. Zinatafutwa kwa tesita (kipima volti na omu), na kuanza nazo kwa kufungua giaboksi ni kujipa kazi.

Fungu la pili ni kodi za utendaji: P0711, P0730, P0741, P0751, P0756. Hizi zinasema umeme uko sawa ila kilichoagizwa hakikutokea. Kompyuta imeamuru gia ya pili, ikapima mzunguko wa kuingia na wa kutoka, hesabu ikakataa. Ukiziona hizi baada ya kubadilisha valvu bodi, wazia oili, gasketi, goroli za ndani ya valvu bodi na plagi zilizobadilishana kabla hujawazia sensa.

Hesabu na idadi. Kodi moja ya umeme ikiwa peke yake, kosa liko kwenye njia ya waya wake huo. Zikija nne au tano kwa mpigo, solenoidi tatu na sensa ya joto juu yake, tafuta kitu wanachochangia wote: plagi kubwa haijaingia, fyuzi, au ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri).

Wenye Mark II za GX100 na wenzao wa zamani ambao skana haiwasomi vizuri, bado mna njia. Unganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 kwenye boksi la majaribio, au matundu ya 4 na 13 kwenye soketi ya chini ya usukani kama gari lina ile ya matundu 16, weka swichi ON, O/D ikiwa haijazimwa, uhesabu O/D OFF inavyopepesa. 38 ni joto la oili, 42 na 61 ni sensa za spidi, 62 na 63 solenoidi za gia, 64 ni ya lokapu (klachi inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja).

Betri na ethi

Dakika tano tu. Betri iliyolala ionyeshe karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5. Weka ncha moja ya tesita kwenye bodi ya giaboksi na nyingine kwenye hasi ya betri, washa taa kubwa na feni: ukiona zaidi ya sehemu ndogo ya volti moja, kuna ethi imelegea au haikurudishwa. Waya wa ethi unaofungwa kwenye bolti ya giaboksi ni rahisi kusahaulika wakati wa kufunga, hasa kazi ikiisha giza limeshaingia.

Plagi kubwa ya giaboksi

Hapa usiwe na haraka. Waya zote za ndani, za solenoidi na za sensa ya joto, hutokea kwenye soketi moja iliyopenya ukuta wa giaboksi. Ili valvu bodi itoke lazima uichomoe plagi ya nje, na mara nyingi soketi yenyewe isukumwe ndani. Kila kitu kinachoweza kuharibika kwa mkono wa fundi kimekusanyika hapo.

Zima gari, toa kebo ya hasi ya betri, chomoa plagi. Tazama kwanza kwa tochi, usiingize kitu. Unaangalia mambo manne: pini iliyopinda, pini iliyorudi nyuma, kutu ya kijani, na oili.

Pini iliyorudi nyuma ndiyo inayodanganya zaidi. Mama mmoja anayepeleka viazi vya Uyole sokoni alileta Noah yake ikiwa na P0713, na sensa mpya tayari imeshafungwa kwingine.

"Fundi, mimi hela ya sensa nimeshatoa jana."

"Subiri mama, hatununui kitu. Nimulikie tu hapa."

Ukiitazama plagi kwa mbele ilikuwa nzima, matundu yote yamejaa. Ukiinamisha tochi kwa upande ndipo unaona tundu moja chuma chake kimekaa ndani kuliko wenzake kwa unene wa kucha. Kufuli dogo la plastiki linaloshika kile chuma lilikuwa limevunjika, hivyo kila plagi ilipochomekwa, pini ya upande wa pili ilikisukuma nyuma badala ya kuingia ndani yake. Gari likiwa limesimama waya unagusa. Likipita matuta ya Mwanjelwa unaachia. Tulikivuta chuma mbele, tukakifungia mahali pake, kodi ikaisha.

Ili usitegemee macho peke yake, tafuta pini ya ukubwa uleule kutoka plagi ya chakavu, uichomeke tundu moja moja. Inapaswa kukabwa kidogo ikiingia na ikitoka. Tundu linaloiachia bila kushika limepanuka, mara nyingi kwa sababu mtu alichokonoa na ncha nene ya tesita. Kama ni wewe mwenye kawaida hiyo, iache leo. Pima kwa kupenyeza sindano nyembamba nyuma ya plagi, upande wa waya.

Oili ndani ya plagi maana yake oringi (pete ya mpira) ya soketi imekatika au imesahaulika. Oili ya gia yenyewe haipitishi umeme kwa urahisi, lakini inabeba unga wa chuma na inalainisha mpira wa plagi. Safisha kwa dawa ya kusafishia plagi za umeme, pulizia upepo, badilisha oringi. Petroli hapana. Inakausha plastiki na kufuli zinaanza kupasuka, halafu unarudi kwenye hadithi ya pini hapo juu.

Wenye Mercedes-Benz za giaboksi ya 722.6 wakague hadi mwisho wa waya. Soketi yake ya pini 13 ikivuja, oili hupanda ndani ya waya wenyewe hadi kwenye kompyuta ya gia, ambako hakuna anayetarajia kuikuta. Sensa zake za spidi zimejengwa kwenye bamba la umeme lililolala juu ya valvu bodi, kwa hiyo ukibadilisha valvu bodi ukarudisha bamba chakavu, sensa ulizorudisha ni zilezile.

Ukimaliza, rudisha plagi hadi usikie mlio wa kufuli, kisha ivute. Plagi isiyolia haijaingia.

Sensa ya joto la oili

Baridi yetu ni kipimo cha bure. Gari likilala nje Mbeya au Makambako mwezi wa saba, alfajiri kila kitu chake kimepoa sawa: oili ya gia, maji ya injini, hewa inayoingia. Weka swichi ON bila kuwasha injini, fungua data za moja kwa moja, ulinganishe hayo majoto matatu. Yakiwa nyuzi 9, 10 na 11, sensa iko sawa na unaweza kuhamia kwingine. Oili ya gia ikisoma hasi 40, hiyo si baridi, hata Kitulo haijafika huko. Ni waya uliokatika, plagi isiyogusa, au sensa iliyokufa ikiwa wazi, na kodi yake ni P0713. Ikisoma juu kupita kiasi wakati chuma bado ni cha baridi, waya umegusana na bodi au na mwenzake, na kodi ni P0712. Kwenye Prado unaweza kuona taa ya A/T OIL TEMP inawaka alfajiri gari likiwa halijatoka hata getini. Sababu ni hiyohiyo.

Usomaji huu wa uongo haubaki kwenye skana tu. Kompyuta ikiamini oili ni barafu, huchelewesha gia ya juu na kukataa lokapu. Mwenye gari ataona gari linakula mafuta na injini inalia sana kwenye lami tambarare ya Igawa.

Sasa tenganisha. Chomoa plagi kubwa, swichi ikiwa ON, usome skana: inapaswa kuonyesha hasi 40. Halafu, upande wa waya unaokwenda kwenye kompyuta, unganisha kwa kipande cha waya mwembamba yale matundu mawili ya sensa ya joto. Usomaji uruke hadi juu kabisa. Ukiruka, kompyuta na waya wa nje ni wazima na tatizo liko ndani ya giaboksi. Usiporuka, tatizo liko nje na sampo haihusiki kabisa. Hakikisha matundu hayo mawili kwa mchoro wa gari husika kabla hujaunganisha. Humo pia zinapita waya za solenoidi zenye volti 12, na ukikosea unachoma kompyuta kwa ajili ya sensa.

Tatizo likiwa ndani, pima omu (ukinzani wa umeme) kwenye soketi ya giaboksi kutoka nje. Sensa hii hupunguza omu kadiri joto linavyopanda. Kwenye Toyota nyingi, nyuzi 10 zinatoa kilo-omu 5 hadi 8, nyuzi 25 zinatoa 2.5 hadi 4.5, na nyuzi 110 zinatoa 0.22 hadi 0.28. Ukikuta mstari wazi, waya umekatika au sensa imekufa. Ukikuta omu chache sana gari likiwa baridi, mara nyingi waya umebanwa kati ya valvu bodi na ukuta wa giaboksi.

Wapo wanaoitoa sensa na kuijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto. Njia nzuri, ila kumbuka mwinuko: Mbeya mjini, karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye takribani nyuzi 94, si 100. Tumbukiza kipimajoto pamoja na sensa, vinginevyo utaitupa sensa nzima kwa sababu omu zimezidi kidogo ya ulivyotarajia.

Sensa ya joto kwenye Toyota nyingi ni sehemu ya waya wa ndani, inashikwa na kibanio kidogo kwenye valvu bodi. Kibanio kikisahaulika, sensa inaning'inia kwenye sampo. Haitaleta kodi siku ya kwanza. Baadaye waya utasuguliwa na kuchunika.

Sensa za spidi

Nyingi ziko nje ya giaboksi, zimefungwa kwa bolti moja, na valvu bodi haizigusi. Zinaguswa na mikono inayotafuta nafasi. Kagua kwanza kama plagi mbili za umbo moja zimebadilishana.

Jaribio bora halihitaji barabara. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lever kwenye N, mzunguko wa kuingia uwe karibu sawa na wa injini, tuseme 700 kwa 700. Kanyaga breki kabisa, ingiza D gari likiwa limesimama: mzunguko wa kuingia ushuke hadi sifuri huku injini ikiendelea. Ukiona hivyo, sensa ya kuingia ni nzima na waya wake ni wazima, hata kama jana ilileta kodi. Ukibaki sifuri kwenye N pia, pima sensa. Zile za waya mbili za sumaku kwenye Toyota husoma omu 560 hadi 680 zikiwa baridi. Za waya tatu hazipimwi omu. Pima volti za kuingia, ethi, na ishara inayopiga gurudumu likizungushwa.

Itoe uitazame ncha. Unga wa chuma ukiwa umeota kama ndevu, futa, kisha jiulize kama zile sumaku za sampo zilirudishwa.

Solenoidi

Kutoka kwenye soketi ileile ya nje pima kila moja. Solenoidi za gia za kufungua na kufunga zisome omu 11 hadi 15 katika nyuzi 20. Za presha, zile za SLT na jamaa zake, 5.0 hadi 5.6. Baridi ya asubuhi hushusha namba kidogo, usishtuke.

Solenoidi za gia za Toyota nyingi zina waya mmoja tu. Ethi yake ni mwili wake wenyewe kupitia bolti iliyoishika kwenye valvu bodi. Bolti ikilegea, au mtu akipaka gasketi meka (gundi ya kuziba) pale, solenoidi nzima kabisa italeta kodi ya umeme. Kwa hiyo omu zinapimwa kati ya pini na bodi ya giaboksi, na zikipanda-panda ukigonga sampo taratibu na mpini wa bisibisi, umeshalijua kosa.

Kosa ambalo skana haitalitaja kwa jina ni plagi za ndani zilizobadilishana. Solenoidi ya kwanza na ya pili zina omu sawa na mara nyingine plagi sawa. Kompyuta inapima, inaona 13, inaridhika. Lakini ikiagiza gia ya pili inapata nyingine, na unaambulia P0751 au P0756, au P0730. Hakuna sensa itakayoponya hilo. Linganisha na picha uliyopiga kabla ya kuchomoa. Kama hukupiga, fuata urefu wa waya: kiwandani kila waya ulikatwa ufike kwa mwenyewe bila kuvutwa.

Swichi ya gia

P0705 baada ya kazi hii ni kebo iliyosogea, au swichi inayoiambia kompyuta lever iko wapi. Weka lever N, legeza bolti za swichi, linganisha mstari wa N na mfereji, kaza. Kama taa za deshibodi ziko sawa lakini gari halivuti, au linavuta likiwa N, swichi haina kosa: ile fimbo ya valvu ya mkono haikunaswa na pini ya mkono wa gia wakati valvu bodi inapanda. Sampo ishuke, hakuna njia nyingine.

Oili, na kwa nini inahusu sensa

Oili pungufu huleta P0730 na P0741 zinazofanana kabisa na ugonjwa wa sensa, na baada ya valvu bodi karibu kila gari huwa pungufu, kwa sababu lita zilizomwagika hazikupimwa. Kinga chombo, pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho, kisha ndipo ukague kiwango.

Penye dipstiki: gari mahali tambarare, injini inaunguruma, lever imepitishwa nafasi zote na kurudi P, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80, soma alama ya HOT. Gereji nyingi za Mbeya ziko mteremkoni. Tafuta tambarare kweli, hata kama ni kulisogeza gari barabarani.

Pasipo dipstiki, kama giaboksi ya A750 ya Prado, kiwango huwekwa oili ikiwa kati ya nyuzi 36 na 46, kwa kuacha ziada itoke kwenye tundu la chini hadi ibaki kuchuruzika. Hapa sensa mbovu inakuumiza mara mbili. Skana ikikwambia nyuzi 40 wakati oili ni 70, oili imeshavimba, utamwaga nzuri ukidhani imezidi, na gari litaondoka likiwa na kiu. Penye shaka na sensa, tumia kipimajoto cha mwanga kwenye sampo.

T-IV na WS, aina mbili za oili ya gia ya Toyota, hazichanganywi. Wala usikubali maelezo ya kwamba hydroliki ni hydroliki.

Kumbukumbu za kompyuta

Kompyuta hujifunza: inajua klachi ya tatu inachukua muda gani kujaa, inarekebisha presha. Ukiweka valvu bodi nyingine inaendelea na mazoea ya ile ya kwanza. Kwenye Toyota nyingi mazoea hayo hayafutiki kwa kutoa betri. Yanafutwa kwa skana yenye amri ya kurudisha kumbukumbu za giaboksi mwanzo, kisha gari linaendeshwa taratibu lijifunze upya. Fanya hivyo baada ya kodi za umeme kwisha. Ukifanya kabla, inajifunza makosa.

Nissan X-Trail T31 yenye CVT (giaboksi isiyo na gia za ngazi) ina kipande kidogo cha kumbukumbu kilichofungwa kwenye valvu bodi, na kompyuta husoma humo tabia za valvu bodi hiyo. Ukinunua valvu bodi iliyotumika, dai ije na kipande chake, kisha data isomwe upya. Kwa Discovery 3 na BMW zenye giaboksi za ZF 6HP, kompyuta na sensa viko ndani pamoja na valvu bodi kama kitu kimoja, na iliyotoka gari jingine inahitaji kuandikishwa kwenye gari lako. Usiingie kazi hiyo kama huna skana yake.

Sampo ikilazimika kushuka tena

Umefika hapa kwa sababu vipimo vya soketi ya nje vimesema kosa liko ndani. Vizuri, sasa unajua unatafuta nini. Fuata waya wa ndani kwa vidole kutoka soketi hadi kila plagi, ukitafuta mahali palipobapa. Hakikisha vibanio, sumaku, chujio na oringi yake. Bolti za valvu bodi zina urefu tofauti. Ndefu ikiingia pa fupi inagota kabla haijabana, na presha inavujia hapo. Kwenye Toyota nyingi zinakazwa karibu Nm 10, kiasi ambacho mkono uliozoea nati za magurudumu haukijui. Tumia spana ya kupima.

Gasketi meka kwenye sampo iwe uzi mwembamba, tena pale tu kiwanda kilipoweka. Inayotokeza ndani huchanika ikaenda kukaa kwenye chujio.

Barabarani

Futa kodi, pasha gari hadi nyuzi 70, anza tambarare. Skana ibaki imeunganishwa, mtu mwingine aisome. Panda gia zote kwa mguu usiobadilika, simama, rudia, hadi mabadiliko yawe laini. Kisha mtafutie mlima. Mbeya una barabara ya Chunya kupandia Kawetire. Iringa una mwinuko wa Ipogolo kwenda mjini. Kitonga usiipeleke giaboksi usiyoiamini: malori yamebanana na pa kuegesha ni pachache.

Mlimani angalia joto la oili. Litapanda kwa utulivu, kati ya 80 na 100 hakuna neno. Likiruka ghafla kutoka 85 hadi hasi 40 na kurudi, waya unaachia kwa mtikisiko, rudi kwenye plagi. Likipanda bila kukoma kuelekea 120, sensa inasema kweli, egesha uangalie oili na rejeta ya gia.

Ukirudi gereji usizime kwanza. Soma kodi zinazosubiri, maana hizo hujificha kabla ya kuwasha taa. Liache lilale, na asubuhi chomoa plagi kubwa mara moja uikague. Ikiwa kavu na majoto matatu yanalingana, mkabidhi mwenyewe gari, na ile sensa mpya aliyokuwa ameshanunua airudishe dukani ikiwa bado iko kwenye boksi.